Kebo Haikatiki Bure

Leo nazungumzia gari ambalo wengi wenu hamjapata kulipanda: gari la kujiundia. Injini yake imetoka kwenye gari moja lililochakaa, usukani umetoka kwenye jingine, viti vimenunuliwa mnadani, chesi imechomelewa kwa mabomba ya mraba, na aliyeviunganisha vyote hivyo ni mtu mmoja tu, ndani ya banda la nyumba yake, jioni baada ya kutoka kazini. Uingereza watu wa namna hiyo ni wengi, na wana historia yao.

Mwaka 1957 Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo liitwalo Seven. Paa lake lilikuwa turubai, milango yake ilikuwa jina tu, lakini lilikuwa jepesi na lilikimbia. Wakati huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari jipya lililokamilika. Ukinunua vipande ukaviunga mwenyewe, kodi hiyo huilipi. Basi Lotus wakauza Seven ikiwa vipande. Husimuliwa mpaka leo kwamba sheria haikuruhusu mnunuzi apewe maelekezo ya kuliunga, kwa hiyo akapewa maelekezo ya kulifungua, ayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kodi ile iliondolewa mwaka 1973, VAT ilipoanza, na mwaka huo huo Lotus wakaiachia kampuni ya Caterham haki ya kutengeneza Seven. Wakati huo watu walikuwa wameshanogewa. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujiundia gari la sampuli hiyo kwa pauni 250, na mabanda mengi ya Uingereza yakaanza kunuka moshi wa kuchomelea.

Gari la namna hii linahitaji gari jingine la kuchinjwa, ling'olewe injini, giaboksi, difu na vikorokoro vingine. Zamani lilichinjwa Ford Escort lile la kuendeshwa na matairi ya nyuma. Escort zilipoadimika, zamu ikawa ya Ford Sierra, lililotengenezwa kuanzia 1982 mpaka 1993. Na hapo ndipo habari yetu ya leo inapoanzia, kwa sababu mpwa wangu anaishi Coventry, na ana Sierra aliyoichinja.

Alinipigia simu usiku. Kwanza salamu, maana hata akiwa na shida kiasi gani mtoto yule hasahau: "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia. "Mjomba, klachi imenifia tena."

"Imekufaje?"

"Pedali imelala chini. Nimeikanyaga, ikashuka kama haina kitu, na haikurudi. Kebo imekatika. Na ni mpya."

Neno lililonikaa kichwani si "imekatika". Ni "tena".

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuchungulia ndani, klachi ni hivi. Nyuma ya injini kuna flaiwili, chuma kizito cha mviringo kinachozunguka pamoja na injini. Mbele ya giaboksi kuna pleti yenye bitana pande zote mbili. Presha pleti, kwa nguvu ya springi yake bapa, huibana ile pleti kwenye flaiwili, na vikishabanana hivyo gari linakwenda. Ukitaka kubadili gia lazima uviachanishe kidogo, milimita chache tu. Unakanyaga pedali, pedali inavuta kebo, kebo inavuta uma uliotokeza ubavuni mwa nyumba ya klachi, uma unaisukuma beringi, beringi inakandamiza vidole vya ile springi, na pleti inalegea. Mguu ukisafiri sentimita kumi na mbili, beringi yenyewe inasogea chini ya sentimita moja. Safari ni ndogo sana, na kila kitu kinachoiibia hata milimita mbili njiani kitaonekana kwenye gia.

Sasa, Sierra ilipotoka kiwandani ilikuwa na kitabu chake, na chesi ya kununua huja na karatasi zake. Lakini kati ya pedali na giaboksi ya gari la mpwa wangu hakuna kitabu chochote duniani. Pedali kazitengeneza mwenyewe kwa vyuma bapa, kwa sababu za Sierra hazitoshei miguuni mwa gari jembamba namna ile. Sierra ilikuwa na kifaa chenye meno kwenye pedali, cha kujikaza chenyewe kadiri pleti inavyolika. Hicho nacho kimebaki kwenye mzoga. Tundu la kupitishia kebo kalitoboa yeye. Kona za kebo kazikata yeye. Kwa hiyo kebo ikikatika kwenye gari la kiwandani, mara nyingi imechoka tu, umri umefika, unaweka nyingine na maisha yanaendelea. Kwenye gari la kujiundia, mimi huanza kwa kudhani kwamba kebo haina kosa, kuna kitu kinaiua. Ndiyo maana nilimwambia asikimbilie dukani.

Klachi ya kebo ina mambo machache yanayoweza kuharibika, na pedali yenyewe itakuambia mengi kabla hujashika spana. Pedali ikishuka laini mpaka chini, ama kebo imekatika, ama kichwa chake kimechomoka, ama uma umeteleza kutoka kwenye egemeo lake huko ndani. Pedali ikiwa nzito kuliko jana, kebo inakwaruzana ndani ya ala yake: imekauka, imeanza kuchanika nyuzi, au ala imeyeyuka. Pedali ikiwa ya kawaida kabisa lakini gia zinakwaruza, hasa ya kurudi nyuma, basi safari haifiki mwisho. Mguu umemaliza kazi yake lakini beringi haijamaliza. Na ikiwa injini inapiga kelele mlimani gari lisiongeze mwendo, ukasikia na harufu ya kuungua, hiyo ni kinyume chake: huenda kebo imekazwa kupita kiasi, springi haibani sawasawa, klachi inateleza.

Kuna hitilafu moja ya kwao kule Uingereza ambayo huku hatuna sana. Gari la starehe hulala bandani majira yote ya baridi. Unyevu unaingia, kutu inashika, na pleti inagandana na flaiwili. Mwenye gari akija kulitoa mwezi wa nne, pedali iko sawa, kebo iko sawa, lakini klachi haiachi. Mtu asiyejua anabadilisha kebo nzima bure. Dawa yake ni kuipasha injini moto, kuizima, kuweka gia, kukanyaga klachi mpaka chini na kuwasha ukiwa kwenye uwanja ulio wazi, halafu kukanyaga mafuta na kuachia mpaka ibanduke. Ulio wazi, nimesema, na mbele pawe peupe, kwa sababu utakapopiga stata tu gari litaondoka.

Haya, turudi Coventry. Nilimwambia atafute mtu wa kumkanyagia pedali. Kebo iliyokatika aliiokoa kwa kibano cha kufunga kwa skrubu, ili tupate angalau nguvu za kujaribia. Mkewe akakaa kwenye kiti cha dereva, yeye akachungulia upande wa injini na tochi, simu iko sikioni.

"Akikanyaga, unaona nini?"

"Uma unasogea."

"Sitaki uma. Tazama ukuta."

Hapa niwaombe radhi wale wanaotaka tufike haraka, kwa sababu hili jambo ndilo watu wengi hawalijui, na mafundi wengine pia. Tunasema kebo inavuta. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ule waya wa ndani unavuta. Ile ala ya nje inasukuma, na inasukuma kwa nguvu ile ile. Chukua pedali yenye uwiano wa tano kwa moja. Mguu ukikandamiza kwa kilo kumi na mbili, waya unavutwa kwa kilo sitini, na ncha ya ala inausukuma ukuta wa gari, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, kwa kilo sitini hizo hizo. Sierra ya kiwandani ina ukuta wa chuma uliokunjwa na kutiwa mbavu. Gari la kujiundia mara nyingi lina bati la alumini, unene wake milimita moja na ushei, lililopigwa ribiti kwenye mabomba. Bati hilo linabonyea. Ni sawasawa na mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi akavuta jahazi kwa kamba: jahazi linakuja, lakini mtumbwi nao unalifuata, na nusu ya kazi yake inaishia majini.

Na hesabu yake inauma. Bati likibonyea milimita tano, na pedali ni tano kwa moja, umepoteza milimita ishirini na tano za safari ya mguu. Hizo ndizo zile ambazo zingeachanisha pleti. Dereva anaona gia zinakwaruza, anakaza kebo. Kesho zinakwaruza tena, anakaza tena. Baada ya muda kebo imekazwa hivi kwamba beringi inakandamiza springi hata mguu ukiwa umepumzika, klachi inaanza kuteleza, na bado gia zinakwaruza. Magonjwa mawili yanayopingana ndani ya gari moja. Ukiyaona hayo mawili pamoja, acha kabisa kugusa nati ya kukazia, nenda kautazame ukuta.

Kwa mpwa wangu ukuta ulibonyea kidogo, kiasi cha kuonekana kwa macho. Akaona amepata jibu. Nikamwambia hilo litatengenezwa, lakini ukuta unaobonyea unaiba safari, haukati kebo mpya ndani ya wiki chache.

"Kebo yenyewe imekatikia wapi?"

"Katikati, mjomba. Si kwenye kichwa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niinuke kitandani. Kebo ya klachi ina mahali pake pa kufia. Hufia kwenye kichwa, pale inapoingia kwenye pedali au kwenye uma, kwa sababu pale hukunjwa kila siku. Ukiona nyuzi zimekatika moja moja pale, pedali inavuta kwa upande badala ya kunyoosha. Au hufia penye kona kali, nyuzi zimesuguliwa zikang'aa. Au hufia karibu na manifodi ya ekzosi, plastiki imeyeyuka na nje pana alama ya moto. Kukatika katikati, mahali palipo peupe, si kawaida.

"Ichane ala kwa kisu uniambie ndani ikoje."

Kimya kidogo. "Plastiki ya ndani imeyeyuka. Nje iko salama. Waya umekuwa rangi ya bluu."

Chuma kikiwa bluu kimepata moto. Na moto ukiwa ndani ya ala wakati nje hapana, haukutoka kwenye ekzosi. Nikamuuliza kitu ambacho alidhani nimepotea njia: "Ukiwasha gari, stata inazunguka vizuri?"

"Inazunguka kivivu. Nafikiri betri imechoka."

"Ethi ya injini umeifunga wapi?"

Hakujibu upesi. Nikamsikia anahangaika na tochi. Waya mweusi mnene wa betri alikuwa ameufunga kwenye chesi, kama kila mtu anavyofanya. Waya wa pili, ule wa kutoka kwenye chesi kwenda kwenye injini, haukuwapo. Ulibaki kwenye Sierra, ama ulitupwa pamoja na nyaya nyingine. Tazameni sasa jinsi vitu vilivyo. Injini imekaa juu ya raba. Giaboksi imekaa juu ya raba. Raba haipitishi umeme. Stata inapozungusha injini inavuta ampea mia na zaidi, na umeme huo wote, baada ya kupita kwenye stata, lazima urudi kwenye betri. Ukikuta barabara yake haipo, unatafuta kichochoro. Kichochoro kilichokuwapo, chuma kitupu kilichounganisha injini na chesi, kilikuwa kebo ya klachi. Kila asubuhi alipowasha gari, kebo ile ilikuwa waya wa stata. Ilipata moto, plastiki ikalainika, waya ukapoteza ugumu wake, pedali ikawa nzito, na siku moja ikakatika. Kebo ya kwanza ilikufa hivyo. Ya pili nayo ikaenda njia ile ile. Kama angeweka ya tatu, ingefuata.

Hii si hadithi ya ajabu kwa mafundi wa zamani. Kebo ya mafuta, kebo ya spidomita, zote huungua kwa sababu hiyo. Gari la kujiundia liko hatarini zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza, bodi yake mara nyingi ni faiba, na faiba haipitishi umeme hata kidogo. Ya pili, wajenzi wanapenda chesi ing'ae, wanaipeleka kupakwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Rangi hiyo ni nzuri kwa kutu, lakini ni ngozi ya kuzuia umeme. Mtu anafunga ethi yake vizuri, nati imekazwa, kila kitu kinapendeza, na chini ya ile nati umeme haupiti.

Kupima ni rahisi, na hata asiye na mita anaweza. Chukua waya wa kuazimana betri, ule mweusi. Ncha moja ishike kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu piga stata. Ikizunguka kwa nguvu ambayo hukuwa nayo jana, umepata. Mwenye mita aweke ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye hasi ya betri, mtu apige stata. Ikisoma nusu volti au chini yake, ethi ni nzima. Ikisoma volti mbili au tatu, umeme unahangaika kutafuta njia, na wewe unajua utapitia wapi.

Mpwa wangu alijaribu usiku ule ule. Sikuhitaji kuambiwa, stata niliisikia kwenye simu. Betri aliyokuwa anailaumu haikuwa na tatizo lolote.

Wasikilizaji wenye umri wangu mtakumbuka Volkswagen kobe, ile iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na tena 1962. Nayo ilikuwa na klachi ya kebo, tena ndefu mno, maana pedali iko mbele na injini iko nyuma. Kebo ilipita ndani ya mgongo wa sakafu, kwenye bomba lililochomelewa humo. Na Marekani kobe huyo alizaa magari mengi ya kujiundia. Mwaka 1964 huko California, Bruce Meyers, mtu wa bahari na fundi wa boti za faiba, alitengeneza gari la faiba lenye injini ya Volkswagen, akaliita Meyers Manx, na baadaye akatoa bodi ya kuvalisha juu ya sakafu ya Volkswagen. Sakafu ilikatwa ikafupishwa kwa sentimita karibu 37. Mwaka 1967 Manx ilishinda mashindano ya kwanza ya jangwani huko Baja California, yale ya Mexican 1000, na baada ya hapo kila mtu akataka la kwake, wengi wakamwiga Meyers bila kumlipa hata senti.

Nawatajia Manx kwa sababu ya klachi. Ukifupisha sakafu lazima ufupishe bomba la kebo na kebo yenyewe, na lile bomba likichomelewa vibaya humo ndani huachia, likawa linacheza kila unapokanyaga. Ni ugonjwa ule ule wa ukuta wa alumini, ila umefichwa mahali ambapo jicho halifiki. Mwisho wa kebo ya kobe, karibu na giaboksi, kulikuwa na kipande cha ala ambacho kiwanda kilitaka kilegee kidogo, kibonyee katikati kama sentimita tatu, na mafundi walikuwa wakiongeza washa kupata kipimo hicho. Kikinyooshwa sana, gari lilitetemeka kila unapoachia klachi. Wajenzi wa Manx waliokuwa wanapenda vitu vinyooke walikinyoosha, kisha wakashangaa gari kutetemeka. Nilikuwa napenda sana kusoma vipimo vya namna hiyo. Unaona mtu fulani kiwandani alikaa na kuhangaika na kitu kisichoonekana.

Sasa kazi yenyewe. Kwa mpwa wangu tulianza na ethi, kabla kebo mpya haijaguswa. Utepe wa shaba uliosukwa, mnene, kutoka kwenye bolti ya nyumba ya klachi hadi kwenye chesi. Rangi ya chesi ikakwanguliwa mpaka chuma kikaonekana, bolti ikakazwa, kisha grisi ikapakwa juu kuzuia kutu. Usipake kwanza ukakwangua baadaye. Nimeona watu wakifanya.

Kisha ukuta. Alitaka kuweka bati nene zaidi, nikamkataza, maana bati ni bati. Alikata kipande cha chuma bapa cha milimita tatu, akakichomelea kwenye bomba la juu na la chini, na ncha ya ala ikakaa kwenye chuma hicho, si kwenye alumini. Mkewe akakanyaga tena. Ukuta haukusogea.

Kebo mpya aliipitisha njia ndefu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu njia fupi ilikuwa na kona mbili kali. Watu wanadhani kebo fupi ni bora. Bora ni yenye kona chache na pana, kwani kila kona inaongeza msuguano, na msuguano mguu ndio unaoulipa. Pale inapokaribia manifodi, hata kama si manifodi iliyoua zile za kwanza, aliivalisha soksi ya kuzuia joto na akaifunga isiweze kuanguka juu ya chuma cha moto. Alipokwenda kununua, alichukua yenye plastiki ndani ya ala, na kebo ya namna hiyo haitaki mafuta wala grisi ndani, vinakusanya vumbi. Zile za zamani za chuma kwa chuma ndizo zinazotaka mafuta.

Chini ya pedali akaweka kizuizi, bolti tu yenye nati mbili. Gari lake halikuwa nacho. Bila kizuizi, mguu unaendelea kukanyaga hata baada ya klachi kuachia, na nguvu zote hizo za ziada zinaishia kwenye springi na kwenye vichwa vya kebo.

Kurekebisha hakuhitaji haraka. Tujue kwanza beringi ni ya aina gani. Kwenye mpangilio wa zamani, kama wa Escort nyingi, beringi haitakiwi kugusa vidole vya springi mpaka mguu uanze kukanyaga; hapo lazima pawe na nafasi, milimita mbili au tatu kwenye uma, ambazo kwa pedali ya tano kwa moja utazihisi mguuni kama sentimita moja au moja na nusu ya ulegevu. Mpangilio wa kujikaza wenyewe huiacha beringi iguse kidogo wakati wote, na beringi yake imetengenezwa kuvumilia hilo. Ukichanganya vya huku na vya kule bila kujua, utaweka nafasi isiyohitajika au utaiunguza beringi isiyostahimili. Kwa hiyo kila mmoja aangalie beringi aliyo nayo, asisikilize jirani. Ndiyo, hata mimi msinisikilize, angalieni beringi.

Gari likiwa limepandishwa, liwe juu ya stendi. Jeki si stendi. Mtu aliyelala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake anaomba dua bila kujua.

Kisha jaribio la mwisho, na mimi hutumia rivasi, kwa sababu kwenye giaboksi nyingi za Sierra gia hiyo haina kifaa cha kulainisha mwendo, kwa hiyo haiwezi kuficha kosa. Injini iungurume polepole, klachi chini, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Ikiingia kimya, pleti imeachia. Ikikwaruza, bado kuna milimita imepotea mahali. Ya mpwa wangu ilikwaruza mara ya kwanza, akakaza nati ya kebo kwa mzunguko mmoja, ikaingia. Nikamwambia arudi aikague baada ya siku chache za kuendesha, kwa sababu kebo mpya hukaa vizuri kwenye vikalio vyake na ulegevu huongezeka, na huo si ugonjwa.

Aliniuliza kama abadilishe kabisa aweke klachi ya haidroliki. Wajenzi wengi kule wanafanya hivyo, wanaweka silinda ndogo ya mviringo inayokaa ndani ya nyumba ya klachi, kuzunguka shafti. Hakuna kona, hakuna ala. Sipingi. Lakini silinda hiyo ikivuja, unashusha giaboksi nzima ili uione. Kebo ikiwa na tatizo, unaiona kwa tochi na mke wa kukukanyagia pedali. Na gari lile lingekuwa na silinda, ile ethi iliyokosekana ingeunguza kitu kingine, pengine kebo ya mafuta, na kebo ya mafuta ikiganda barabarani ukiwa mwendo wa kasi, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Nilimweleza yote hayo kwa kirefu. Akasema, "Umesema kweli, mjomba, nimekuelewa." Wiki hii nimesikia ameshaagiza silinda. Gari ni lake.